Karibu ya Tatu

Nambari ilipotokea kwenye kompyuta ya Bwana Sohrabi, mwenye duka la uchapaji mtaani kwao, Tarane mwenyewe hakuwapo. Mwili ulikuwapo, umekaa kwenye kiti, umejifunga mtandio vizuri na kushika kitambulisho kwa mikono miwili. Lakini yeye alikuwa ameingia moyoni kwa mlango wa kulia, akapita chumba cha kwanza, akashuka cha pili, na sasa alikuwa anaelekea mapafuni taratibu pamoja na damu, kama mtu aliyelala chali juu ya maji. Ndivyo alivyokuwa kwa miaka miwili hii. Akiogopa, alisafiri ndani ya mwili wa binadamu, na huko kulikuwa kimya na joto na kila njia ilikuwa na jina.

"Binti Yadollah! Umelala?"

"Hapana, mjomba."

"Basi fungua macho. Elfu mbili mia tatu na kumi na nne."

Tarane aliitazama nambari hiyo kwa muda mrefu. Katika ukanda wao wote, kati ya maelfu kwa maelfu waliofanya konkuri, yaani mtihani wa taifa wa kuingilia chuo, yeye alikuwa wa elfu mbili mia tatu na kumi na nne. Kwa mtoto wa mchepuo wa sayansi aliyelipiwa walimu wa nyumbani tangu akiwa na miaka kumi na tano, hiyo ilikuwa nambari ya kununia. Kwa Tarane ilikuwa muujiza, kwa sababu cheti chake cha sekondari kilikuwa cha fasihi. Mle ndani kulikuwa na mizani ya mashairi, historia, mantiki na sarufi. Kemia haikuwamo hata ukurasa mmoja. Sheria ilimruhusu mtu wa fasihi kufanya mtihani wa watu wa sayansi vile inavyomruhusu mtu kuogelea amevaa koti. Hakuna atakayekukataza, na hakuna atakayekuja kukutoa.

Alikuwa amejifundisha peke yake katika ukumbi wa kusomea wa wanawake, karibu na soko la wafua vyombo vya shaba, mjini Borujerd. Jedwali la elementi alilitia vina na mizani mpaka likaimbika. Mifupa ya mkono aliipa sauti, kila mmoja na tabia yake, na mchana wa joto, usingizi ulipomchukua juu ya kitabu, mifupa hiyo ilikuja kumsimulia habari zake. Alipoamka alikuwa anaijua yote. Wasichana wengine walimwita "bibi mashairi" na kumwomba atulize midomo, kwa maana alikuwa akisoma midomo inacheza.

"Nitakuchapia," Sohrabi alisema. "Una siku nne. Orodha ya vyuo unavyochagua ifungwe kabla ya saa sita mchana Alhamisi. Na kumbuka, kompyuta ya serikali inaanza juu kwenda chini. Cha kwanza inachoweza kukupa, inakupa, na vilivyo chini yake vyote vimekufa."

*

Kesho yake alikwenda kuomba ushauri katika shule yake ya zamani. Ua ulikuwa na foleni mbili. Moja ilikuwa ndefu, imejaa akina mama waliovaa viatu vya visigino na kushika bahasha. Nyingine ilikuwa na wasichana watatu waliokaa chini.

"Foleni ya fasihi ni ile, mwanangu," alisema Bi Kianpur, makamu wa mwalimu mkuu, bila kuinua uso.

"Najua, Bi. Mimi ni wa hii."

"Hii ni ya watoto wa sayansi. Si wewe uliyekuwa unatusomea shairi kila sherehe?"

"Ndiyo mimi. Nimefanya mtihani wa sayansi."

Mama mmoja aliyekuwa mbele yake aligeuka, akampima kutoka viatuni hadi mtandioni. "Mashallah! Huyu atawasomea wagonjwa mashairi mpaka wapone."

Foleni nzima ikacheka. Tarane naye akacheka, na hicho kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomuuma siku nzima.

Bi Kianpur alipoiona nambari alivua miwani. Akaipangusa, akaivaa, akaiangalia tena ile karatasi. Kisha akamvuta Tarane pembeni na kusema kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuitumia kwa mtu mwingine siku ile. "Sikiliza. Udaktari wa hapa mkoani hupati. Tehran hata usiiote. Lakini Zabol, ukiiweka juu kabisa, nadhani wanakuchukua. Ukiweka chuo cha ualimu juu yake, ualimu utakumeza kwanza. Umenielewa? Juu kabisa."

*

"Zabol!" Yadollah alisema, akaweka kijiko chini. "Huko si ndiko nchi inakoishia?"

"Haiishii, baba. Inapakana na Afghanistan."

"Ndivyo nilivyosema."

Walikuwa wamekaa sakafuni kuzunguka kitambaa cha chakula, wali na mchuzi wa mboga za majani katikati. Yadollah alikuwa fundi wa samova, yale mabirika makubwa ya kuchemshia maji ya chai. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa dawa ya kung'arishia, na weusi huo haukutoka hata siku za sikukuu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa mtaani, anayejua kwamba kila anachofanya kitazungumzwa na majirani kwa kinyozi, na aliishi akisikiliza mazungumzo hayo kabla hayajaanza.

"Weka ualimu juu," alisema. "Chuo kiko hapa hapa, mshahara tangu siku ya kwanza, kazi ya uhakika. Uwafundishe watoto fasihi uliyoisomea. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya, baba."

"Sasa?"

"Sitaki."

Mama yake, Mahtaj, alijifanya anatafuta chumvi.

"Zabol tuna nani?" Yadollah akauliza.

"Kuna bweni la wasichana."

"Bweni ni nani? Bweni lina jina la baba? Watu wataniuliza, binti yako yuko kwa nani? Niwaambie yuko kwa bweni?"

Tarane alitazama mvuke wa wali ukipanda. Ndani yake aliuona mji ambao hajawahi kuufikia, wa rangi ya vumbi, upepo unavuma siku mia na ishirini bila kukoma, na katikati ya upepo huo mlango mweupe wenye taa. Akausukuma mlango. Ndani palinuka dawa, na mtu fulani alikuwa anamngoja.

"Ashraf," Mahtaj alisema ghafla. "Si wifi Ashraf, binamu yako, anakaa Zabol? Na yuko hapa mjini wiki hii, kwenye harusi ya mpwa wake."

Yadollah alikunja pembe ya kitambaa cha chakula. Alikuwa mtu mwenye kiburi cha maskini, kiburi kibaya kuliko vyote kwa sababu hakina cha kujifichia. "Ashraf akisema kwa kinywa chake kwamba atampokea, basi, tutazungumza. Lakini mimi siombi. Sijawahi kumwomba mtu hata glasi ya maji."

"Hutaomba," Mahtaj akasema. "Atakuja kunywa chai tu. Aseme mwenyewe."

*

Ashraf alikuja Jumanne saa kumi jioni, mnene, mwenye furaha, amebeba boksi la biskuti. Mumewe alikuwa amemleta na kuahidi kumrudia baada ya nusu saa, maana safari yao ya kurudi ilianza jioni ile ile. Zabol ilikuwa mwendo wa zaidi ya mchana na usiku mzima.

Wakaulizana hali. Wakaulizana tena. Mahtaj alimmenyea tango, akalinyunyizia chumvi. Ashraf akakataa tango, akakataa tena, akalila. Yadollah alikaa pembeni na tasbihi yake, akijifanya mtu asiyengoja kitu. Mahtaj alizungusha maneno kwenye harusi, kwenye joto, kwenye bei ya nyama, mpaka hatimaye, kana kwamba ni habari ndogo tu, akataja ile nambari.

"Udaktari!" Ashraf alipiga makofi. "Tarane? Yule wa mashairi? Na kwetu Zabol? Basi aje kwangu! Nina chumba kitupu kinanililia. Miguu yake nitaipokea kwa macho!"

Tarane alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Hiyo ni ya kwanza, alijisemea.

"Hapana, jamani, wifi!" Mahtaj akasema, kwa kuwa kwao karibu ya kwanza hukataliwa, na anayeipokea hana adabu. "Tukusumbue namna hiyo? Haiwezekani. Na wala hajaamua kwenda."

"Usumbufu gani? Mtoto wa Yadollah ni mtoto wangu. Atakuwa nuru ya nyumba."

Ya pili. Ilibaki moja tu. Mama yake akatae mara hii pia, kama inavyotakiwa, halafu shangazi aseme ya tatu, na ya tatu ndiyo ya kweli, ndiyo mtu anayoweza kuipokea.

"Wewe una moyo mkubwa, wifi, sisi tunaujua," Mahtaj alisema, uso ukiwaka kwa tumaini. "Lakini hatuwezi kukutwisha mzigo. Kwa kweli hatuwezi."

Nje gari lilipiga honi.

Ashraf alishtuka, akatazama dirishani, akatazama sinia ya chai. Honi ikalia tena, ndefu. "Ni yeye. Hana subira hata ya kuku." Akainuka, akashika mkoba, akambusu Mahtaj mashavu yote mawili, akambusu Tarane kwenye paji. "Basi Mungu akufungulie njia, mwanangu. Kaka Yadollah, tunakwenda. Mkono wa Mungu uwe nanyi."

Mlango ukafungwa. Chai ilibaki kwenye sinia, vikombe vinne, hakuna aliyegusa hata kimoja.

*

"Ningefanya nini?" Mahtaj alilia jikoni. "Niseme ndiyo kwenye ya pili? Kama mtu aliyelelewa barabarani?"

"Umefanya sawa," Yadollah alisema.

"Alikuwa anataka kusema ya tatu. Nilimwona mdomo."

"Mara mbili si kitu, mke wangu. Mara mbili hata muuza matikiti anakuambia chukua bure. Hakusema, basi hana nia."

"Honi ilimkatiza!"

"Mwenye nia haogopi honi."

Jumatano yote walibishana hivyo, kwa upole na kwa uchungu, huku Tarane akizunguka nyumbani kama mtu aliye chini ya maji. Alifagia. Alifua. Alipokuwa akikamua shuka aliona mishipa ya mikono yake ikituna, akaifuata kwa macho hadi kwenye kiwiko, akapotelea huko kwa robo saa. Aliota akiwa macho kwamba nyumba ya shangazi Ashraf inaelea juu ya jangwa, milango wazi, na kila akikaribia kuna mtu anasema karibu, karibu, kisha ananyamaza. Alisimama pale kwenye ndoto akingoja. Alijua kwamba akiingia bila neno la mwisho, nyumba itazama mchangani.

"Nimpigie mimi?" alimwuliza mama yake jioni.

"Usituaibishe, Tarane. Utasemaje? Shangazi, umesahau kunikaribisha?"

*

Alhamisi saa nne asubuhi alimpelekea baba yake chai dukani. Haikuwa kawaida yake. Yadollah alikuwa ameshika samova ya zamani, kubwa, tumbo lake limebonyea, anaigonga kwa nyundo ndogo kutoka ndani.

"Umekuja kunilaumu," alisema.

"Hapana. Nimekuja kwa sababu muda unakwisha na sijakuambia. Unajua kwa nini nataka udaktari?"

"Kwa sababu kila mtu anautaka."

"Mimi nilisoma fasihi, baba. Miaka mitatu. Kila mshairi tuliyemsoma alikuwa anateketea ini. Ini langu limekuwa damu, ini langu limekuwa kababu. Siku moja nikamwuliza mwalimu, ini hasa liko wapi? Hakujua. Darasa zima hatukujua. Tulikuwa tunalia kwa kitu ambacho hakuna aliyejua kilipo." Alikuwa anaongea polepole, na macho yake yalikuwa mbali kidogo, lakini sauti ilikuwa imara. "Nikatafuta kitabu. Tangu siku hiyo sijaweza kurudi."

Yadollah aliacha kugonga. "Na liko wapi?"

Tarane aliushika mkono wa baba yake, ule mweusi, mgumu kama soli ya kiatu. Akauweka ubavuni mwa mzee mwenyewe, upande wa kulia, chini ya mbavu. "Hapa. Vuta pumzi. Linashuka kidogo. Umelisikia?"

Mzee akavuta pumzi. Labda alisikia kitu, labda hakusikia. Alikaa hivyo, mkono wake juu ya ini lake, na kwa miaka hamsini na nane aliyoishi hakuna aliyewahi kumwonyesha chochote kilichomo ndani yake. Mlangoni jua lilikuwa linawaka juu ya mabati. Tarane alimpenda kwa nguvu hata akaona aibu.

Yadollah alivuta simu kutoka mfukoni.

Simu yake ilikuwa ya sauti ya juu daima, kwa sababu nyundo zilimla masikio, kwa hiyo Tarane alisikia kila neno. Alisikia salamu, habari za safari, habari za watoto, shukrani kwa biskuti, samahani kwa chai isiyonywewa. Kisha baba yake akaweka nyundo chini.

"Dada Ashraf," alisema, "mimi sijui kuomba, kwa hiyo nitakosea. Kile chumba. Nakiomba. Niambie ndiyo au hapana, na usiniheshimu."

Upande wa pili upepo ulisikika ukivuma.

"Kaka Yadollah, unaniuliza kweli?"

"Kweli."

"Hakuna maneno ya heshima?"

"Nimeyaweka kando."

"Basi chumba sina." Sauti ya Ashraf ilipasuka. "Mwanangu amerudi na mke na mtoto, kazi hana. Mimi na mume wangu tunalala sebuleni. Nilisema pale kwenu kwa sababu ningesemaje? Nilikuwa namwomba Mungu Mahtaj akatae. Honi ilipolia nilishukuru, kaka. Nisamehe. Nilishukuru, na njia nzima nimelia."

Shingo ya Yadollah ilikuwa imekuwa nyekundu hadi masikioni.

"Lakini bweni la wasichana liko nyuma ya mtaa wetu," Ashraf aliendelea haraka. "Ijumaa aje ale kwangu. Kila Ijumaa."

"Hilo nalo ni la mdomoni?"

"Hilo ni la kweli. Ila ajue nyumba ina kelele, na wali huwa unaungua."

Alipokata simu, Yadollah aliiweka juu ya meza ya kazi kwa uangalifu, akachukua kitambaa, akaanza kuifuta samova isiyohitaji kufutwa. Tarane alijua imekwisha. Baba yake alikuwa ameomba kwa mara ya kwanza maishani na akanyimwa mbele ya mtoto wake, na mtu akishapata pigo kama hilo hurudi nyumbani na kufunga mlango. Alikusanya kikombe na sahani. Alianza kuufikiria uso wa darasa, ubao, watoto wakikariri juu ya maini. Si maisha mabaya, alijiambia, na machozi yakamtoka hivyo hivyo.

"Saa ngapi?" Yadollah aliuliza.

"Saa tano na robo."

"Twende." Alikuwa tayari anateremsha mlango wa bati. "Aibu nimeshaila yote. Isiwe bure."

*

Kwa Bwana Sohrabi palikuwa pamejaa. Watu wa mtaa walikuwepo, mwoka mikate na binti yake, mke wa kinyozi, baba mmoja aliyekuwa akigombana na mwanawe kuhusu uhandisi. Kila mtu alimsikia kila mtu. Yadollah alisubiri zamu yake amesimama wima, mikono nyuma, kana kwamba yuko msikitini. Ilipofika saa tano na dakika arobaini, Sohrabi aliwaita.

"Haya, Bwana Yadollah. Tuanze juu. Chaguo la kwanza?"

Tarane alifungua mdomo, lakini baba yake alimtangulia.

"Udaktari. Zabol."

Chumba kikatulia. Mke wa kinyozi aliacha kujipepea. Sohrabi aligeuka kwenye kiti chake, kwa wema kabisa, maana alikuwa na mabinti wawili. "Mbali huko, bwana wangu. Mna mtu?"

Tarane alimwona baba yake akiwatazama mmoja mmoja, mwoka mikate, mke wa kinyozi, wote ambao kesho wangezungumza.

"Hatuna," Yadollah alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya nyundo. "Yeye ndiye atakuwa mtu wetu huko."

Sohrabi akaandika.